Watoto Wanaobaki Nyumbani na Umri Wao

Padri ao katekista akitembelea watu wa Kalundu, wa Mulongwe ao wa Kavimvira siku ya kazi, saa nne ya asubuhi, anakuta watoto wengi katika viwanja vya nyumba. Mmoja anabeba mdogo wake mgongoni, mwingine anageuza ndagala kwenye jua, wengine wanacheza tu. Akiuliza: «Hawa hawasomi?» mama anajibu: «Wanasomea nyumbani, Padri.» Mara nyingine jibu hilo ni neno la kweli. Mara nyingine ni neno la haya, la kufunika umaskini mbele ya mgeni.

Tukirudi parokiani tunaandika katika ripoti: «Watoto wengi hawaendi masomoni.» Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii mtu. Mtoto wa miaka minne anayebaki nyumbani, na mtoto wa miaka saba, na kijana wa miaka kumi na minne, hawabaki kwa sababu moja, wala hawaponi kwa dawa moja. Katika kurasa hizi tunataka kueleza neno moja tu: anayetaka kusaidia watoto wa nyumbani aulize kwanza umri wao.

I. Kusomea nyumbani na kubaki nyumbani

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kusomea nyumbani ni hivi: wazazi wanaamua wenyewe kumfundisha mtoto, wanatenga saa za masomo, wana vitabu, wanafuata mpango, na mwisho mtoto anapimwa. Kubaki nyumbani ni kukosa shule bila kupata mwalimu mwingine. Kwa mgeni anayepita njiani watoto hawa wawili wanafanana. Kwa Mungu na kwa maisha yao ya kesho hawafanani hata kidogo.

Katika inchi nyingine jambo la kwanza limeenea sana. Marekani, hesabu za Serikali zilionyesha ya kuwa mwaka 1999 watoto 1,7 kwa mia walisomea nyumbani. Mwaka 2012 walikuwa 3,4 kwa mia. Mwaka 2019 walishuka kidogo, 2,8 kwa mia. Kisha ugonjwa wa korona ukafunga shule. Mwaka 2020, mnamo mwezi wa tano, nyumba 5,4 kwa mia kati ya zile zenye watoto wa masomo zilisema zinawafundisha nyumbani. Mwezi wa kumi zilikuwa 11,1 kwa mia. Katika Uingereza, mwisho wa mwaka 2024 walihesabu watoto 111.700 wanaosomea nyumbani. Wenye umri wa sekondari walikuwa wengi kuliko wenye umri wa primari. Maana yake: huko wengi hawaanzi nyumbani, wanaanza shuleni, kisha wakikua wanatoka, na moja ya sababu zinazotajwa sana ni mahangaiko ya roho ya vijana. Inchi zote hazifikiri namna moja: Ujerumani haikubali wazazi wafundishe nyumbani mahali pa shule.

Na kwetu Kongo? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema mambo mawili pamoja. Inasema wazazi wana haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Inasema tena ya kwamba masomo ya primari ni lazima kwa wote, nayo ni bure katika shule za Serikali. Basi mzazi ana haki ya kuchagua njia, lakini hana haki ya kumwacha mtoto bila njia. Neno hilo tulishike vizuri, maana litaturudilia mbele.

II. Namna mambo yalivyogeuka kwenye pwani yetu

Mambo ya leo yana mizizi ya zamani. Mapadri Weupe walifika Mulweba, katika inchi ya Masanze, mwaka 1880, kisha Kibanga mwaka 1883. Wengi wa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa. Watoto hao hawakuwa tena na baba wala mama karibu. Kwa hiyo misioni ilikuwa nyumba yao na shule yao pamoja.

Lakini watoto wengine wa pwani walikuwa na walimu wao kadiri ya umri. Mdogo kabisa alifundishwa na mama na nyanya kando ya moto: kusema vizuri, kusalimu, kugawanya chakula na wenzake. Aliyekua kidogo alifuata kazi: msichana shambani na kisimani, mvulana kwenye mtumbwi na nyavu. Aliyefikia ujana, kwa Babembe, aliketi na wanaume katika lubunga, akasikiliza namna ya kukata maneno na kupatanisha watu. Wazee wetu hawakufikiri ya kuwa mwalimu mmoja anafaa umri wote. Jambo hilo tumelisahau.

Mwaka 1906 Serikali ya Mfalme Leopold II ilipatana na Roma: misioni zipewe udongo, nazo zifungue shule. Tangu hapo shule na misioni zilitembea pamoja katika inchi yetu. Penye kapela palikuwa na katekista, na katekista huyo alifundisha sala, kusoma na kuandika. Shule hiyo ilikuwa ndogo na maskini, lakini ilikuwa karibu na mlango wa nyumba. Mtoto wa miaka sita aliweza kuifikia kwa miguu yake mwenyewe. Tutaona kwamba neno la njia na miguu si dogo.

Jimbo la Uvira liliundwa mwaka 1962, na askofu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Danilo Catarzi. Haikupita muda mrefu, vita ya mwaka 1964 ikaingia. Tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja 1964 waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin kule Baraka, na Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert kule Fizi. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri hapa Uvira tarehe 18 ya mwezi wa nane 2024. Tunawataja hapa kwa sababu hii: mchungaji akiuawa na watu wakikimbilia porini, shule nayo inakufa, na watoto wanabaki mikononi mwa wazazi peke yao.

Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilitwaa shule zote. Mwaka 1977, tarehe 26 ya mwezi wa pili, ilifanya mapatano na dini, nazo zikarudilia kuongoza shule zao. Ndizo shule zinazoitwa «konvansyoni» mpaka leo. Lakini kuanzia miaka ya 1990 mshahara wa walimu ulikuwa haba, ao haukufika. Wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Hapo ndipo umri wa mtoto ulipoanza kuwa neno zito katika hesabu ya nyumba. Baba mwenye watoto watano na feza ya kulipia wawili alilazimika kuchagua. Aliyekwisha kuanza aliendelea, ili feza ya zamani isipotee, mdogo aliambiwa: «Wewe ungoje.»

Mwezi wa tisa 2019 Serikali ilianza kutimiza neno la Katiba: primari ikawa bure katika shule za Serikali, pamoja na zile za mapatano. Watoto wengi waliokuwa wakingoja waliingia mara moja, na kalasi za kwanza zikajaa kupita kiasi. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini liligusa umri mmoja tu. Maternele haikuguswa, sekondari haikuguswa.

Halafu mwaka 2020, tarehe 19 ya mwezi wa tatu, korona ilifunga shule zote za Kongo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 ya mwezi wa nne mto Mulongwe ukajaa, ukabomoa nyumba nyingi sana za Uvira, ukaua watu. Watoto waliokuwa wamefungiwa shule wakapoteza na nyumba. Kalasi za mitihani zilifunguliwa mwezi wa nane, wengine walingoja mpaka mwezi wa kumi. Kwa muda huo kila mzazi alifanywa mwalimu bila kuulizwa. Na mwezi wa kumi na mbili 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Uvira, watu maelfu na maelfu walivuka kwenda Burundi, na mwaka wa masomo ukakatika tena katikati.

Basi tuone: kwenye pwani yetu hesabu ya watoto wa nyumbani inapanda na kushuka, lakini si kwa sababu wazazi wamegeuza mawazo juu ya shule. Inapanda vita inapoingia, mto unapojaa, feza inapokosa. Inashuka mlango unapofunguliwa. Hii ndiyo tofauti kubwa kati yetu na Marekani ao Uingereza.

III. Umri nne, sababu nne

Mwaka 2012 kulifanywa uchunguzi katika Kongo nzima. Ulionyesha ya kwamba watoto karibu milioni 7,4 wa miaka 5 mpaka 17 walikuwa nje ya shule, yaani 28,9 kwa mia. Kati yao karibu milioni 3,5 walikuwa na miaka 6 mpaka 11, umri wenyewe wa primari. Hesabu hizo ni za mbele ya mwaka 2019, lakini zinafundisha jambo linalodumu: walio nje si kundi moja. Tuseme hesabu hiyo ina umbo la bonde. Kwa watoto wadogo iko juu. Kwa watoto wa miaka tisa, kumi, inashuka. Kwa vijana inapanda tena. Tutazame kila upande wa bonde hilo.

1. Miaka 3 mpaka 5. Karibu wote wako nyumbani. Maternele ni chache, nyingi ni za mjini, na zinaomba feza. Kwa umri huu kubaki nyumbani si aibu wala si hasara, kama nyumba inafundisha. Mtoto anayesikia hadithi, anayeulizwa maswali na kujibiwa, anayehesabu samaki pamoja na mama, anajifunza. Hasara inakuja pale mtoto anapoachiwa dada yake wa miaka minane tangu asubuhi mpaka jioni. Hapo watoto wawili wanapotea kwa mara moja: mdogo hana wa kumfundisha, na dada hawezi kwenda shuleni.

2. Miaka 6 mpaka 8. Kadiri ya sheria mtoto wa miaka sita aingie kalasi ya kwanza. Lakini wengi wanaingia na miaka saba, minane, hata tisa. Sababu? Njia ni ndefu, kuna mto wa kuvuka wakati wa mvua, mtoto ni mwembamba, uniforme na kalamu havijapatikana. Mzazi wa umri huu mara nyingi hakukataa shule, alisema tu: «Mwaka kesho.» Hatari yake ni kwamba «mwaka kesho» inazaa «mwaka kesho» nyingine. Anayeanza na miaka tisa atakuwa na miaka kumi na tano mbele ya kumaliza primari. Ataona haya kuketi na wadogo, naye atatoka mapema. Basi yule kijana tutakayemkuta nje na miaka kumi na minne, mara nyingi alipotea alipokuwa na miaka sita.

3. Miaka 9 mpaka 11. Hapa watoto walio shuleni ni wengi kuliko katika umri wote mwingine. Wale waliochelewa wamekwisha kuingia, na kazi ya ziwa haijawavuta bado kwa nguvu. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi ambaye yuko nyumbani kabisa ni alama ya jambo zito. Pengine ni mgonjwa, ao kipofu, ao kiziwi. Pengine ni yatima anayekaa kwa watu. Pengine wazazi wamekimbia vita mara mbili, mara tatu. Katekista akimkuta asipite tu. Kwa wengine aulize. Kwa huyu akae chini asikilize.

4. Miaka 12 mpaka 17. Hesabu inapanda tena. Masomo ya bure yamekwisha pamoja na primari, na sekondari inaomba feza. Tena mikono ya kijana sasa ina bei. Kando ya ziwa mvulana anaweza kwenda na wavuvi usiku, wanaowasha taa kuvuta ndagala, na asubuhi anarudi na feza mkononi. Mwenzake wa shule anarudi na daftari tu. Katika bonde la Ruzizi wanamtafuta kwa kazi ya mpunga na mahindi. Msichana anaitwa kwa biashara ya mama, ao kwa kulea, ao anapata mimba naye anaona haya kurudi. Sheria ya mwaka 2009 inasema wazi ya kuwa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto bado, lakini katika nyumba nyingi haitazamwi. Huyu kijana hakuambiwa «mwaka kesho». Aliambiwa: «Sasa umekuwa mkubwa.»

Hivi tunaona mbona ripoti yenye neno «watoto wengi» haifai. Kwa wa kwanza tunahitaji mama aliyefundishwa. Kwa wa pili, kumsukuma mzazi leo. Kwa wa tatu, huruma na uchunguzi. Kwa wa nne, njia nyingine ya kusoma pamoja na kazi.

IV. Eklezya inafundisha nini?

Wengine watatuuliza: kama wazazi ndio walimu wa kwanza, sisi tunaingilia nini? Swali ni jema, nalo linajibiwa na mafundisho yenyewe.

Papa Pio XI, katika barua Divini illius magistri ya mwaka 1929, alieleza ya kwamba jamaa imepewa na Mwumba haki ya kulea watoto, na haki hiyo inatangulia ile ya Serikali. Konsilyo ya Vatikano ya Pili, katika tangazo Gravissimum educationis la mwaka 1965, ilirudilia: wazazi ni walezi wa kwanza na wakubwa, na kazi yao ikikosa ni vigumu kuijaza. Kitabu cha Sheria za Eklezya cha mwaka 1983, kanuni 793, kinasema wazazi wana lazima na haki ya kulea, na wanaweza kuchagua njia zinazofaa. Kanuni 796 inaongeza ya kuwa shule ni msaada mkubwa kwa wazazi katika kazi hiyo.

Tupime maneno hayo. Shule ni msaada. Haitwai nafasi ya baba na mama. Kwa hiyo mapadri wasiseme kamwe ya kuwa mtoto asiye shuleni hana malezi. Wangetukana wazazi maskini wanaojitahidi. Lakini neno «lazima» linasimama pamoja na neno «haki». Mzazi anayesema «mimi ni mwalimu wa kwanza» na hafundishi kitu, hakutumia haki yake, aliitupa. Hapo mchungaji hamwingilii. Anamkumbusha kazi aliyoahidi siku ya ndoa na siku ya ubatizo wa mtoto.

Kanuni 776 inamwagiza paroko asaidie kazi ya wazazi katika katekesi ya jamaa. Nani atawasaidia kama hajui watoto wao wana miaka mingapi?

V. Tufanye nini?

Zamani kila parokia ilipaswa kuwa na kitabu cha hali ya roho, status animarum, ambacho Rituale ya Roma iliagiza tangu mwaka 1614. Katika parokia nyingi kitabu hicho kinalala kabatini. Tukitoe. Wakatekista wanajua nyumba zote za mtaa wao kuliko mtu wa Serikali. Karibu na jina la kila mtoto waandike mambo matatu: mwaka wa kuzaliwa; kalasi aliyofikia; na jina la mtu anayemfundisha, akiwa nje ya shule. Kama wazazi hawajui mwaka, tutazame kitabu cha ubatizo.

Swali la tatu ndilo linalotenganisha kusomea nyumbani na kubaki nyumbani. Mama akisema: «Anasomea hapa,» katekista aulize kwa upole: «Nani anamfundisha, saa gani, kwa kitabu gani?» Kama jibu liko, tumshukuru Mungu na kumsaidia. Kama jibu haliko, tusimkemee mbele ya watoto wake.

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba moja ya Kalundu ina watoto wanne: wa miaka minne, wa saba, wa kumi na wa kumi na minne. Baba anavua, mama anauza ndagala. Wa miaka kumi peke yake anaenda shuleni. Mtu wa haraka ataandika: «Watatu hawasomi.» Katekista mwenye akili atafanya hivi.

Kwa mdogo wa miaka minne, atamfundisha mama mambo machache: sala fupi, nyimbo, hadithi, kuhesabu, kutaja vitu. Haihitaji feza. Kama mama sita ao saba wa mtaa wanashuka sokoni asubuhi, wapatane: kila siku mmoja akae na wadogo wote. Kwa namna hiyo dada wakubwa watafunguliwa.

Kwa wa miaka saba, atauliza ni nini hasa kinachomzuia. Kama ni njia ya mbali, atatafuta mtoto mkubwa wa jirani wa kumwongoza. Kama ni uniforme, atapeleka neno kwa Karitasi ya parokia. Kama mwaka wa masomo umekwisha kupita nusu, mtoto aanze herufi nyumbani, ili mwezi wa tisa aingie bila woga. Hapo Kiswahili kinatusaidia sana, maana kinaandikwa jinsi kinavyosikika: mtoto akijua herufi na silabi anaanza kusoma. Mwaka 1962 shule za Kongo ziliamriwa kuanza na Kifaransa, lugha ambayo mama wengi hawaijui, nao wakafikiri hawawezi kufundisha kitu. Sheria ya masomo ya tarehe 11 ya mwezi wa pili 2014 inakubali lugha za inchi kuwa chombo cha kufundishia. Mama anayejua kusoma Kiswahili ni mwalimu wa kweli wa kalasi ya kwanza, tumwambie hivyo.

Kwa wa miaka kumi, tusimsahau kwa sababu anaenda. Yeye anaweza kuwa msaidizi: jioni arudilie somo lake mbele ya wa miaka saba. Anayefundisha mwingine anajifunza mara mbili.

Kwa wa miaka kumi na minne, tusimlazimishe kuketi kalasi ya tatu pamoja na watoto wadogo, atatoroka. Kuna vituo vya kurudilia masomo, ambavyo watu wanaviita ratrapaje. Humo programu ya miaka sita ya primari inafupishwa kuwa miaka mitatu, kwa ajili ya wale waliopita umri wa kuanza. Na kama alifika mbali katika sekondari kisha akakatika, bado mlango uko. Aliyejifunza peke yake, yule anayeitwa otodidakti, anaweza kuomba kuandikwa kwa mtihani mkubwa wa Serikali, Exetat, akiisha kushinda jaribio la kwanza. Basi hata sheria ya Kongo inajua kusomea nyumbani. Lakini inampa mlango huo aliye mkubwa na anayejua kusoma, si mtoto wa miaka saba asiye na mtu. Kijana wa namna hiyo anahitaji vitabu, taa ya jioni na mtu wa kumwuliza. Je, chumba cha parokia hakiwezi kufunguliwa jioni mbili kwa juma? Mseminari anayerudi likizo hawezi kufundisha hesabu na Kifaransa saa moja?

VI. Neno kwa wakati wa taabu

Tumesema kwamba kwetu hesabu inapanda kwa vita na kwa mafuriko. Kwa hiyo tusingoje siku ile ndipo tufikiri. Shule zilipofungwa mwaka 2020 tulijifunza jambo moja ambalo tusilisahau: kufungwa kwa shule hakuwaumizi wote sawasawa. Mtoto wa kalasi ya sita, anayejua kusoma, akipata kitabu anaweza kuendelea, hata polepole. Mtoto wa kalasi ya kwanza anasahau herufi zote katika miezi michache, kwa sababu hazijashika bado. Kijana wa kalasi ya nane hasahau kusoma, lakini anaonja feza ya ziwa, na siku shule inapofunguliwa haonekani tena. Basi mafundisho yakikatika, katekista aanze na hawa wawili: wadogo wa herufi, na wakubwa walio karibu kutoka. Wa katikati watangoja kidogo bila hasara kubwa.

Na jamaa ikikimbia, ichukue pamoja na mikeka na sufuria karatasi za watoto: bultini ya shule, karatasi ya ubatizo, daftari moja. Watu wa Uvira na Fizi waliovuka ziwa kwenda Tanzania na kukaa katika kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996, waliendelea kusomesha watoto wao kadiri ya programu ya Kongo. Kwa mtoto anayehama, karatasi inayosema alifika kalasi gani inaweza kumwokolea mwaka mzima.

Ndugu wapenzi, tunawaomba jambo dogo. Juma hili, kila mmoja atembelee nyumba kumi za mtaa wake. Asiulize tu: «Watoto wanasoma?» Aulize: «Huyu ana miaka mingapi, na nani anamfundisha?» Aandike jibu katika kitabu. Mwezi ujao arudi kwenye nyumba zilezile, aanze na wale wa miaka sita na saba, maana hao bado wako karibu na mlango, na mzazi wao hakusema hapana. Alisema mwaka kesho tu.